Ngazi Hizi ni za Nani?

Lifti ya jengo letu ilikufa siku ya pili ya Ramadhani. Ilikuwa imetusumbua kabla ya hapo, lakini safari hii fundi alifungua kisanduku cha juu, akamulika kwa simu, akatikisa kichwa na kushuka kwa miguu. Wiki hiyohiyo bi mkubwa wa ghorofa ya 5, ambaye magoti yamemkataa, alikuwa na miadi ya daktari. Vijana wanne walimteremsha juu ya kiti cha plastiki, kidato baada ya kidato, mkono mmoja ameshika buibui lake na wa pili anapapasa ukuta. Alipofika chini alinitazama, akaniuliza, "Mwanangu, kwani hizi pesa tunazotoa kila mwezi ni za nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilikaa miezi kadhaa nikilitafuta, na nililolipata silo nililolitarajia.

Usiku ule baada ya tarawehe tulikutana pale chini tunapoegesha magari. Kila mtu alikuja na hukumu yake mkononi: pesa zimeliwa. Mweka hazina wetu ni mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache. Alitoa daftari la mazoezi, lile la mistari lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akasoma ukurasa mmoja baada ya mwingine. Askari wa geti wawili. Keateka, yaani mwangalizi wa jengo. Umeme wa pampu na wa taa za ngazi. Mabauza, yale malori ya maji, kwa zile wiki ambazo mfereji ulikauka. Dizeli ya jenereta. Kuzoa taka. Kila shilingi ilikuwa na tarehe na risiti yake imebanwa kwa pini. Zilizobaki ni shilingi 11,400. Fundi wa lifti alitaka 380,000.

Hakuna aliyeiba. Nakiri kwamba jambo hilo lilinishtua zaidi ya wizi wenyewe, maana mwizi ukimwondoa unapumua. Hapa hapakuwa na wa kumwondoa.

Tukaazimia kwenda benki, tuone kama kuna akiba katika akaunti ya zamani, ile tuliyokuwa tukilipia kabla kamati haijaanza kupokea michango kwa simu. Benki ilitupokea vizuri na kutueleza kwa adabu kwamba akaunti ni ya kampuni ya usimamizi, kwamba wenye sahihi ni developa aliyejenga jengo pamoja na mkewe, na kwamba sisi, wakazi wa nyumba 24, hatutambuliki popote katika makaratasi yao. Developa alikwisha kuhama nchi. Kampuni haikuwa imepeleka taarifa zake za mwaka kwa Msajili wa Kampuni kwa muda mrefu. Tulikuwa tumenunua nyumba, tumelipa mawakili, tumepiga picha na funguo mkononi, lakini ngazi tulizokuwa tukipanda kila siku, lifti, paa, kisima na ule uwanja wa magari tuliokuwa tukigombania, vyote kwa mujibu wa sheria havikuwa vyetu.

Mombasa tukizungumzia sevisi chaji, yaani ule mchango wa kila mwezi wa kutunza jengo, huzungumzia tabia za watu. Mweka hazina fulani kanunua gari. Mwenyekiti fulani kampa shemeji yake kazi ya kupaka rangi. Wezi wapo, na wengine nawajua kwa sura. Lakini hata umweke malaika kwenye kiti cha mweka hazina, hawezi kutunza vizuri fedha za kitu ambacho kisheria hakipo. Wengi wetu tunachangia kitu kisichokuwepo.

Mfumo tuliourithi ulikwenda hivi. Developa ana kiwanja chenye hati moja, hati mama. Anajenga ghorofa juu yake. Halafu kila mnunuzi anapewa lizi, yaani mkataba wa kukodi, ya muda mrefu, mara nyingi miaka 99 au kasoro kidogo ya ile iliyobaki kwenye hati mama yenyewe, ikiambatanishwa na mchoro wa msanifu wenye chumba chake kimetiwa rangi. Kiwanja chenyewe kinabaki kwa jina la developa. Kwa ajili ya kuangalia yale ya pamoja, inaundwa kampuni ya usimamizi chini ya Sheria ya Kampuni, na mkataba unasema kwamba nyumba zote zikishauzwa, kila mnunuzi atapewa hisa moja na kampuni itakabidhiwa kwa wenye nyumba pamoja na ile haki ya mwisho juu ya ardhi.

"Zikishauzwa zote." Maneno hayo mawili yameshikilia majengo mengi shingoni. Developa akiacha nyumba moja bila kuiuza, au akaipangisha tu, siku ya makabidhiano haifiki. Hisa hazitolewi. Wakurugenzi hawabadiliki. Wenye nyumba wanachoka kungoja, wanaunda kamati, wanafungua kundi la WhatsApp na kuanza kuchanga kwa namba ya simu ya mtu mmoja mwaminifu. Kamati hiyo inaajiri, inafukuza, inanunua pampu, inagombana na kampuni ya umeme, na yote inayafanya bila jina lolote linalotambulika mbele ya hakimu.

Kampuni ile ya mwanzo nayo ikiachwa bila kupeleka taarifa zake, Msajili wa Kampuni anaweza kuifuta daftarini. Kampuni iliyofutwa huacha mali yake iangukie mikononi mwa Serikali mpaka irejeshwe. Fikiria hapo: ngazi unazopanda kwenda kulala zimekuwa mali isiyo na mwenyewe.

Kwa mtu wa Mombasa habari hii haipaswi kuwa ngeni. Katika mtaa wa Majengo na mitaa mingine ya zamani, watu wamekaa vizazi na vizazi katika kile tunachokiita nyumba bila ardhi. Babu alijenga nyumba ya Kiswahili, udongo na makuti kwanza, baadaye mawe na mabati, juu ya kiwanja cha mtu mwingine, akawa analipa kodi ya kiwanja. Nyumba ni yake, anairithisha, anaiuza, anaigawa vyumba na kupangisha. Udongo chini yake ni wa mwingine. Mizizi ya hali hiyo ni mirefu, na Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliikaza pale ilipowataka watu wa ukanda wa maili kumi wa Pwani wajitokeze kudai ardhi zao kwa makaratasi. Aliyejua alidai na kuandikiwa. Asiyejua aliamka akiwa mpangaji katika shamba la nyanyake.

Sasa tazama ghorofa za Nyali, Kizingo, Tudor na Bamburi. Wanaoishi humo ni watu wa mishahara, wafanyabiashara, mabaharia waliostaafu, watoto wetu walio Ghuba na Ulaya wanaotuma pesa ili wawe na pa kurudi. Wengi wamelipa mamilioni kwa nyumba bila ardhi. Tofauti yao na babu wa Majengo ni vigae na mwonekano wa bahari. Babu alijua hali yake na hakuna aliyemdanganya. Hawa waliambiwa wamenunua.

Mwaka 2020 Bunge lilipitisha Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, ikaanza kutumika mwezi Desemba mwaka huohuo na kuifuta ile ya 1987 ambayo ilikuwa imelala kabatini zaidi ya miaka thelathini. Kwa maoni yangu ni miongoni mwa sheria zenye manufaa zaidi kwa mwenye nyumba wa kawaida nchini, na ni miongoni mwa zile zisizosomwa. Msingi wake ni mwepesi. Mpimaji mwenye leseni anachora ramani inayoonyesha kila nyumba na yale yote ya pamoja. Ramani ikishasajiliwa, daftari la hati mama linafungwa. Kila nyumba inapata hati yake kamili, inayoweza kuuzwa, kurithishwa au kuwekwa rehani bila kumpigia developa magoti. Mwenye nyumba anamiliki pia fungu katika ngazi, paa, lifti na uwanja, kwa kiwango kinachoandikwa. Na papo hapo, kwa nguvu ya sheria yenyewe, linazaliwa shirika ambalo wanachama wake ni wenye nyumba wote, na hakuna mwingine.

Shirika hilo lina uwezo wa kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Lina bodi inayochaguliwa na wenye nyumba. Lina wajibu wa kutunza ya pamoja, kukata bima ya jengo, na kuwa na mfuko wa gharama za uendeshaji. Mchango uliopitishwa unakuwa deni linalodaiwa kama deni lolote. Ipo hata kamati ya ndani ya kusuluhisha ugomvi kabla haujafika kortini, ule wa paka, wa spika za usiku, wa gari lililoegeshwa pasipo pake. Siku hizi kuna na ule wa nyumba zinazokodishwa kwa wageni wa siku mbili, wanaoingia saa nane za usiku wakiburura masanduku kwenye ngazi.

Sheria ilitaka zile lizi za zamani zigeuzwe ndani ya miaka miwili tangu ianze. Mwaka 2021 Wizara ya Ardhi ikatangaza kuacha kusajili lizi mpya zinazotegemea michoro ya wasanifu. Miaka miwili ile ilikwisha mwishoni mwa 2022. Tembea leo Mombasa uulize wenye nyumba kumi kama jengo lao limegeuzwa. Mimi nimeuliza zaidi ya kumi. Wengi walinirudishia swali: kugeuzwa kuwa nini?

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu nililisikia kwenye mkutano wetu wenyewe: developa hapatikani, au hataki, au ameiweka hati mama rehani. Sheria haikumwachia yeye peke yake ufunguo. Maombi yanaweza kupelekwa na kampuni ya usimamizi au hata na mwenye nyumba mmoja, na Msajili wa Ardhi ana uwezo wa kuweka zuio kwenye hati mama ili isichezewe huku mambo yakiendelea. Kikwazo kigumu zaidi nilichokiona ni kodi ya ardhi. Maadamu hati ni moja, bili ya kaunti ni moja, na developa aliyetoweka hajailipa. Cheti cha kuonyesha kwamba hakuna deni hakipatikani, na bila cheti hicho faili halisogei. Wenye nyumba hujikuta wanamlipia mtu deni la miaka. Inauma. Lakini nimepiga hesabu ya kwetu, na deni lile tukiligawanya kwa nyumba 24 lilikuwa dogo kuliko tulizotumia kwa mabauza ya maji katika mwaka mmoja.

Wako wanaosema, kwani shida gani, sajilini chama cha wakazi basi. Chama cha wakazi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama kina faida kwa mtaa mzima: taa za barabarani, ulinzi, mitaro, kusema na kaunti. Kwa jengo hakitoshi. Chama cha aina hiyo hakimiliki ardhi kwa jina lake, hushika mali kupitia wadhamini na hushtaki kupitia viongozi wake. Mwenyekiti akifariki au akikasirika, kesi inabaki yatima.

Nije kwenye fedha, maana ndiko bi mkubwa alikoanzia.

Bajeti ya majengo mengi ya hapa ni bajeti ya mwezi. Inahesabu askari, umeme, maji, taka, na ikibaki chochote basi ni bahati. Jengo halizeeki kwa mwezi, linazeeka kwa miaka, na la Mombasa linazeeka haraka kwa sababu ya chumvi. Asiyeishi Pwani hajui chumvi inavyofanya kazi. Upepo wa kusi unaileta usiku na mchana, inapenya kwenye zege kupitia nyufa ndogo ndogo mpaka ifikie nondo. Nondo ikishika kutu inavimba, kwa kuwa kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, na ule uvimbe unapasua zege kutoka ndani. Unaona kipande cha dari ya veranda kimeanguka, unaita fundi anasiliba na kupaka rangi. Umefunika kidonda. Ongeza hapo visima tunavyochimba kwa sababu maji ya kisiwani hutoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na hayafiki kila siku. Maji ya visima vingi ni ya munyu, yanakula pampu, mabomba na matangi kwa subira ileile.

Tarehe 24 Juni 2021, katika mji wa Surfside, jimbo la Florida kule Marekani, jengo la ghorofa 12 la wenye nyumba, lililosimama ufukweni tangu 1981, lilianguka sehemu kubwa usiku wa manane. Watu 98 walikufa. Mhandisi alikuwa amekwisha kuandika ripoti mwaka 2018 kuhusu uharibifu wa zege chini ya uwanja wa bwawa la kuogelea na kwenye maegesho, na gharama za matengenezo zilikadiriwa kiasi cha dola milioni 9. Wenye nyumba walibishana. Kufikia mwaka 2021 makadirio yalikuwa dola milioni 15, na michango mikubwa ndiyo kwanza ilikuwa ikianza kudaiwa. Sababu za kitaalamu za kuanguka zimechunguzwa na zinahusu hata usanifu wa awali, kwa hiyo sisemi ubishi wa fedha uliangusha jengo. Nasema ubishi ulikula muda ambao jengo halikuwa nao. Mwaka 2022 Florida ilibadilisha sheria yake: majengo ya aina hiyo yenye ghorofa 3 na zaidi yanalazimika kufanyiwa ukaguzi yakifika umri fulani, na wenye nyumba wanalazimika kuweka akiba kwa ajili ya paa, nguzo na mambo mengine makuu. Zamani waliweza kupiga kura na kuiahirisha akiba hiyo. Kwa mambo hayo makuu sheria hiyo ya 2022 iliiondoa ruhusa hiyo.

Wale walikuwa na chama kamili cha kisheria, wahasibu, wanasheria na ripoti mezani, na bado walichelewa. Sisi tuna daftari la mazoezi na namba ya simu ya Mwalimu.

Akiba ya jengo haihitaji elimu ya juu. Chukua jengo la nyumba 24 na sevisi chaji ya shilingi 6,000 kwa mwezi. Tarakimu hizi nazitumia kama mfano, kila jengo lipige zake. Tuseme lifti mpya itahitajika baada ya miaka 20 na itagharimu shilingi milioni 4.8. Hiyo ni 240,000 kwa mwaka. Tuseme nje ya jengo panahitaji kukarabatiwa zege na kupakwa rangi kila miaka 5 kwa shilingi milioni 1.2. Nazo ni 240,000 kwa mwaka. Pampu, matangi na mabomba, tuseme 600,000 kila miaka 10, yaani 60,000 kwa mwaka. Jumla ni 540,000 kwa mwaka, au 45,000 kwa mwezi, au shilingi 1,875 kwa kila nyumba kila mwezi. Katika ile 6,000, karibu theluthi nzima ilipaswa iwe inakwenda kulala mahali isipoguswa na askari wala bauza. Kwa kuwa tulikuwa tukiitumia yote, tulikuwa tunakaa kwa bei ya chini kuliko gharama halisi ya kuishi mle, na tofauti yake tulikuwa tunamkopa bi mkubwa wa ghorofa ya 5. Deni limeiva akalilipa yeye, juu ya kiti cha plastiki.

Akiba hiyo inataka akaunti yake yenyewe, tofauti na ya matumizi ya kila mwezi, na isifunguliwe bila uamuzi wa mkutano. Nani atafungua akaunti kama hiyo? Benki itauliza jina la mwenyewe. Hapo ndipo sheria na fedha zinapogusana, na ndiyo sababu siwezi kuwaunga mkono wanaosema tuanze na mahesabu, mambo ya hati yatakuja baadaye. Ukiweka milioni mbili kwenye simu ya Mwalimu, umemhatarisha Mwalimu. Akifa leo, na Mungu ampe umri, fedha zile ni mirathi yake. Watoto wake watakuwa na haki ya kuuliza, na sisi tutakuwa na daftari.

Kuna jambo jingine ambalo kamati nyingi hawalifikirii. Askari na keateka mnaowalipa wenyewe ni waajiriwa. Tangu 2024 kila mwajiri anatakiwa kutoa asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba na mfanyakazi kutoa 1.5 nyingine. Kuna NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, ya pande zote mbili, kuna asilimia 2.75 ya bima ya afya inayokatwa kwa mfanyakazi na kupelekwa SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, na kuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2007 inayomtaka mwajiri awe na bima ya ajali kazini. Askari wa geti akianguka kutoka kwenye ngazi akibadilisha taa, atamdai nani? Katika kamati isiyo na jina, atawadai watu wenyewe, mmojammoja, wale waliokuwa na moyo wa kujitolea. Nimemwona mwenyekiti mmoja akijiuzulu siku aliyoelezwa hili, na siwezi kumlaumu.

Halafu wale wasiolipa. Kila jengo lina wao, na kila jengo lina dawa yake ya kienyeji: kubandika majina kwenye ubao wa geti, kumzuia mgeni wake asiingie na gari, na dawa kubwa kuliko zote, kumkatia maji. Katika jengo letu tulimkatia jirani mmoja maji kwa siku nane. Nilipiga kura ya ndiyo na ninajuta. Katiba, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na mle ndani mlikuwa na mtoto mchanga ambaye hakuwa na deni na mtu. Baba yake alipotueleza kwa nini halipi, hoja yake ilikuwa ngumu kuijibu: nionyesheni nani ananidai. Hakuna karatasi iliyoonyesha. Kamati haikuwa upande wa mkataba wowote aliotia sahihi.

Shirika lililosajiliwa lingemjibu kwa ukurasa mmoja: azimio la mkutano, fungu la nyumba yake, kiasi, tarehe. Akikataa, deni lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kupelekwa mbele ya Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60 na ambako mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Zile zinazogusa hatimiliki zenyewe ni za Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Njia hii ni ya polepole kuliko kufunga koki, lakini haimwachi mtoto na kiu.

Nimeulizwa kama haya yote si mambo ya kizungu, ya watu wa Nyali wenye bwawa na majirani wasiojuana. Naona ni kinyume chake. Sisi watu wa Pwani tumekuwa na wakfu kabla ya kuwa na kampuni. Mtu alitoa nyumba au shamba, na tangu siku hiyo haikuwa yake tena, wala si ya mutawali anayeisimamia, wala si ya yeyote anayefaidika nayo leo. Mutawali hukusanya kodi, hukarabati, hugawa, na akifa anakuja mwingine, mali ikibaki palepale. Tume ya Wakfu ina makao yake hapahapa Mombasa. Tunaelewa vizuri sana kwamba mali inaweza kuwa na uhai wake kando na mtu anayeishika funguo. Ambalo hatujafanya ni kulipeleka wazo hilo kwenye ngazi za ghorofa, tukalidai kwa nguvu tunayodai mita za umeme na nafasi za magari.

Na ngazi hizo si za matajiri peke yao. Nyumba nyingi za bei nafuu zimekuwa zikijengwa mjini, Buxton na kwingineko, kwa ajili ya watu watakaolipa kidogo kidogo kwa miaka. Wanaohamia humo ndio wasioweza kabisa kumudu mchango wa dharura wa 15,000 kwa nyumba siku lifti itakapokufa. Kama kuna mahali ambapo shirika la wenye nyumba na akiba ya jengo vinapaswa kuwepo tangu siku ya kwanza ya funguo, ni huko. Ningependa kuwasikia wawakilishi wetu wa wadi wakiuliza juu ya hilo kwa sauti ileile wanayouliza juu ya idadi ya nyumba.

Kwetu tumeanza kwa kuchelewa. Lifti ilitengenezwa kwa mchango wa dharura uliochukua miezi mitatu kukamilika. Nyumba 19 zimetoa fungu lao la gharama za mpimaji na la deni la kodi ya ardhi, tano bado. Yule jirani tuliyemkatia maji alikuwa wa nne kutoa. Nilikwenda kumwomba radhi, akanikaribisha kahawa, hakusema mengi. Ombi la zuio juu ya hati mama limepelekwa kwa Msajili. Jumamosi iliyopita mpimaji alikuja na kijana wake na mkanda, wakaanzia paa wakishuka, na walipofika ghorofa ya 5 bi mkubwa alifungua mlango kuuliza wanachopima. Kijana akamwambia, "Ngazi, bibi. Tunataka ziandikwe." Akasogeza viatu vyake ndani ili mkanda upite.